Jina Ndani ya Jalada

Mwalimu Mbithi hakuwa mtu wa kutulia. Tangu astaafu, miaka minane sasa, kiti chake cha mbao pale barazani kilikaliwa zaidi na paka kuliko na mwenyewe. Angeketi, akunje mguu, aukunjue, ainuke, aende mpaka langoni, ayatazame malori ya barabara ya Mombasa kama mtu anayengojea mgeni, arudi, aketi tena. Mkewe, Wavinya, alishamzoea. Alichambua ndengu zake kwenye ungo na kumuuliza bila kuinua macho, "Mzee, hicho kiti kina moto?"

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni kitabu cha mauaji. Si mauaji ya siku hizi ya bastola na magari kupinduka. Hayo aliyaita kelele. Alitaka yale ya zamani, ya Kiingereza: nyumba kubwa, mvua nje, mtu amekufa katika kurasa za mwanzo kabla hujamjua vya kutosha hata umlilie. Kisha anaingia mpelelezi mwenye adabu na tabia za ajabu ajabu, anauliza habari za vikombe na viatu, na mwishowe anawakusanya wote sebuleni na kusema, "Ni wewe." Mbithi alifundisha shule ya msingi hapa Makindu miaka thelathini na minne, watoto sitini darasani, na katika miaka yote hiyo hakupatikana hata mmoja aliyekubali kwamba ndiye aliyerusha chaki. Kwa mtu kama huyo, dunia ambayo mwenye kosa lazima apatikane ni pepo ndogo.

Hata hivyo wapelelezi wale alikuwa na neno nao. Aliamini wangeshindwa na kazi Ukambani. "Kwa Wazungu shida ni kujua nani alifanya," angemweleza yeyote aliyekuwa karibu. "Hapa kwetu kila mtu anajua nani alifanya. Shida ni kupata wa kusema." Hilo alilisema mara nyingi, na kila mara kwa furaha ya mtu aliyeligundua asubuhi hiyo hiyo.

Mwenzake katika mambo haya alikuwa Abdulatif, muuza spea za magari, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani zamani za reli akashukia Makindu na hakurudi. Nyuma ya duka lake, kati ya mikanda ya injini na makopo ya grisi, kulikuwa na kabati la chuma, na ndani yake vitabu arobaini na kimoja. Vingi vilitoka Mtito Andei. Wageni wanaokwenda Tsavo husahau vitabu vitandani, na wasafishaji wa vyumba walikuwa wakijua kwamba yuko mtu Makindu anayevitaka. Vitabu vilikuwa vya wote wawili, nusu kwa nusu, kwa miaka thelathini na mmoja. Vilinuka grisi, na Mbithi alisema kitabu kisichonuka grisi humpa mashaka.

Kulikuwa na sheria moja. Aliyemaliza kusoma hasemi. Anakirudisha kitabu kabatini, anafunga mdomo, anamngoja mwenzake naye amalize, ndipo wanakaa na chai ya tangawizi kubishana. Walishakosana kwa siasa, kwa mpira, na siku moja kwa ajili ya mbuzi, wakapatana. Lakini kumtobolea mwenzako mwisho wa kitabu lilikuwa kosa lisilo na msamaha, na hakuna aliyewahi kulifanya.

Abdulatif yeye alikuwa mtu wa vampaya. Alivipenda vitabu vya wanyonya damu, majumba yenye popo na mabibi wenye shingo nyeupe, na alivitetea kama mtu anayetetea ukoo wake.

"Vampaya ana adabu," alisema. "Haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe."

"Basi huku angeshiba," Mbithi alijibu. "Sisi mtu akipiga hodi tunasema karibu kabla hatujajua ni nani. Angeingia, alishwe sahani ya muthokoi, aulizwe watoto hawajambo."

"Na jua la hapa?"

"Jua la hapa angefika tu pale stendi, awe jivu."

Abdulatif alicheka hadi akashika meza. Kisha alimwambia kwamba bibi yake aliwasimulia utotoni habari za mumiani, wale waliosemekana kukamata watu na kuwatoa damu enzi za reli, na kwamba hawakuwa na meno marefu hata kidogo. Walikuwa na ndoo. Bibi alisema mtu mwenye ndoo ni wa kuogopwa kuliko mtu mwenye meno, na Abdulatif aliona bibi alikuwa na haki.

Kilichomuudhi Mbithi zaidi ni habari ya kioo. "Eti akisimama mbele ya kioo haonekani. Huo ni uvivu wa mwandishi."

"Hapo ndipo anaponiogopesha mimi," Abdulatif alisema. "Meno si kitu. Lakini mtu akae na wenzake, acheke nao, wote wanamwona, halafu siku atake kujiona, asijione."

Mbithi alisema hayo ni mambo ya kulala na njaa, akaenda mlangoni, akaitazama barabara.

Ukitaka kumwona amekasirika kwelikweli, ungemwekea filamu. Binti yake Yvonne, aliyefanya kazi katika ofisi za kaunti kule Kitui, alikuja kila mwisho wa mwezi na laptopu yake na filamu zilizotengenezwa kutokana na vitabu vile. Mbithi alizitazama akiwa wima. Mpelelezi aliyekuwa mzee mwenye kikohozi, filamu imemfanya kijana wa mazoezi. Mpelelezi ambaye katika kitabu hakuwahi kumshika mwanamke mkono, filamu imempa mchumba. "Na huyu mchumba ametoka ukurasa gani?" aliuliza, akaenda langoni, akarudi. Vampaya nao wamekuwa vijana warembo wanaoenda shule na kuogopa kuuma. Lakini dhambi kubwa kuliko zote ilikuwa filamu ya kitabu cha mjane wa kinu. Katika kitabu, muuaji alikuwa daktari. Filamu ikamgeuza kuwa kaka wa marehemu.

"Daktari!" Mbithi aliiambia laptopu. "Alinunua kamba mbili. Kamba mbili! Sasa kamba hizo zinaenda wapi?"

"Pole, Baba," Yvonne alisema, akaifunga laptopu polepole.

Mwezi uliofuata alikuja na filamu nyingine, na hiyo pia walikuwa wamemgeuza muuaji, kutoka daktari hadi kaka. Mbithi alishangaa tabia hiyo inavyosambaa.

Kyule wa boda boda, mwanafunzi wake wa zamani, alimletea zile za ma-DJ, zinazosimuliwa juu kwa juu kwa Kiswahili cha mtaani. Dakika ya kwanza tu DJ akasema, "Huyu mwenye kofia nyeusi ndiye adui, mkae mkimjua." Mbithi aliinuka, akavaa kofia yake mwenyewe, na hakuonekana mpaka jioni.

Kwa hiyo unaweza kufikiria kilichompata siku alipofungua kitabu kimoja kutoka kabatini, kile cha harusi katika mnara, akakuta ndani ya jalada, juu kwenye kona, maneno mawili ya penseli: *Ni bwana-harusi.*

Alidhani ni mzaha. Alisoma kurasa mia mbili kwa ubishi, akimtafuta mwingine, na ukurasa wa mia mbili na tatu akawa ni bwana-harusi. Alikitupa kitabu, paka akakimbia. Alichukua kingine: *Ni dada mdogo.* Kingine: *Ni wote watatu.* Hata vampaya wa Abdulatif hawakusazwa: *Anakufa jua likichomoza.* Kufikia mvua za Novemba alikuwa ameorodhesha vitabu kumi na tisa katika daftari lake, na amani yake yote ikawa imekwisha. Kitabu kilikuwa mahali pake pa pekee pa kukaa. Sasa mtu amemwondoa hata hapo.

Daftari lile alilinunua kwa ajili ya upelelezi. Jambo la kwanza aliloandika lilikuwa juu ya mwandiko. Ulikuwa mwandiko mzuri, wa ubaoni. *D* yenye mgongo ulionyooka, *k* iliyosimama kwa miguu yake yote miwili. "Huyu nimemfundisha mimi," alisema, kwa uchungu na, lazima isemwe, kwa fahari kidogo. Nusu ya watu wa Makindu walio chini ya miaka hamsini wanaandika hivyo kwa sababu alisimama nyuma yao na rula.

Kwa hiyo aliwatilia shaka waliopita mkononi mwake. Kyule ndiye aliyebeba vitabu kati ya duka na nyumbani, na Kyule alikuwa mtu wa ma-DJ, asiyeona ubaya wa kumtaja adui mapema. Tena Kyule alikuwa akimfuata. Mbithi akitembea mpaka relini, Kyule huyo. Akienda kunywa chai kule hekalu la Kalasinga wanakokaribisha wasafiri wote, akitoka tu, Kyule yuko langoni na pikipiki inanguruma. "Mwalimu, panda. Naenda tu huko kwenu." Kila siku huko kwenu. Mbithi aliyaandika yote hayo kwa makini.

Alitega mtego pia. Alifunga uzi wa katani kwenye mlango wa kabati, mwembamba usioonekana, akaenda na kitabu kimoja nyumbani. Baada ya siku tatu uzi ulikuwa mzima kabisa. Lakini ndani ya kile kitabu alichokuwa nacho nyumbani, kando ya kitanda chake, palikuwa na maneno mapya: *Ni mpishi.* Adui alikuwa akiingia nyumbani kwake. Aliporudi kwenye daftari kuandika habari za uzi alikuta amekwisha kuziandika, kurasa mbili nyuma, mpango ule ule neno kwa neno, na akajipongeza kwa uangalifu wake.

"Nani aliingia hapa?" alimuuliza Wavinya.

"Watu wanaingia kila siku, mzee. Watu wa kanisa, majirani. Wanapiga hodi, nasema karibu."

"Hapo ndipo tunapokosea," Mbithi alisema, akaenda langoni.

Wavinya alibaki na ungo mapajani, mikono imesimama juu ya ndengu. Yeye hakuwa miongoni mwa washukiwa. Alisoma Biblia na maandishi ya pakiti za mbegu, basi.

Mwishowe Mbithi alifanya kile wapelelezi wake hufanya wakati nyayo na nyuzi zimeshindwa. Alikaa, dakika kumi nzima bila kuinuka, akafikiri. Ili uandike jina la muuaji ni lazima uwe umesoma mpaka mwisho. Kyule hakusoma kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu. Halima, mke wa Abdulatif, aliyekuwa na ufunguo wa pili wa duka, alisema vitabu vya maiti vinaleta nzi. Yvonne alipenda filamu. Katika Makindu nzima walikuwako watu wawili tu waliosoma vitabu vile hadi ukurasa wa mwisho. *Mmoja ni mimi*, aliandika, akapiga mstari kwa rula. *Kikulacho ki nguoni mwako.*

Basi alibaki Abdulatif. Hakufundishwa na Mbithi, lakini kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akipokea barua na vikaratasi vyake. Angeshindwaje kuuiga mwandiko?

Iliuma. Hakuna haja ya kuzunguka: Mbithi alimpenda yule mtu kuliko alivyowapenda ndugu zake wawili wa tumbo moja. Lakini sheria ilikuwa moja tu, na ilikuwa yao. Aliapa kwamba kama ni Abdulatif angechukua nusu yake ya vitabu na asikanyage tena duka lile mpaka kufa. Alimtuma Kyule atafute katoni mbili. Kisha aliwaalika wote nyumbani, Jumapili, baada ya kanisa na baada ya Adhuhuri. Wavinya alipoambiwa kazi ya mkutano alisema atapika mandazi.

Walikuja. Yvonne alifika kutoka Kitui usiku uliotangulia bila kualikwa. Kyule aliweka katoni mlangoni na kukaa pembeni yake, kofia ya pikipiki mapajani. Abdulatif aliingia na kanzu yake nyeupe ya msikitini, Halima nyuma yake na sahani iliyofunikwa. Sebule ilikuwa ndogo, jua linachoma mabati, na mpelelezi hakuweza kusimama mahali pamoja; alitembea kati ya meza na dirisha mpaka Halima akavuta miguu yake chini ya kiti.

"Nimewaita," Mbithi alisema, "kwa sababu mmoja wenu amenifanyia jambo."

Aliweka vitabu kumi na tisa mezani. Aliwafungulia majalada, moja baada ya jingine. Aliwapa washukiwa wake wanne karatasi na penseli na kuwaamuru waandike, *Ni daktari*. Waliandika. Kyule alitoa ulimi kama alivyoutoa akiwa darasa la nne. Mbithi alizikusanya karatasi, akazipeleka dirishani. Za Kyule na Yvonne zilifanana na penseli ya kwenye majalada kama binamu wanavyofanana, lakini *d* ya Kyule ilikuwa imelewa, na Yvonne miaka ya kompyuta ilimharibu mkono. Ya Halima ilikuwa ya duara. Ya Abdulatif ililala ubavu, kama siku zote.

"Umeubadilisha," Mbithi alisema.

"Sijabadilisha, Mwalimu."

"Anayejua mwisho ni aliyesoma. Waliosoma ni wawili. Wewe, Abdulatif. Miaka thelathini na mmoja. Nimekukosea nini?"

Hapo ndipo alipofumbua kila kitu bila kujua. Katika vitabu, mpelelezi akishataja jina, sebule nzima hugeuka kumtazama aliyetajwa. Mbithi alilijua hilo kama anavyojua Baba Yetu, na alisimama akingoja wageuke. Hawakugeuka. Halima aliangalia sahani yake. Kyule aliangalia kofia ya pikipiki. Yvonne alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Wavinya alitazama sakafu, mahali pasipo na kitu. Hakuna aliyemtazama Abdulatif. Na Abdulatif mwenyewe, mtu aliyeshtakiwa, hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa akimtazama Mbithi, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Mwalimu alibaki amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake ilitulia. Watu wote hawa walijua. Walikuwa wakijua nani alifanya, na walikuwa wameshindwa kumpata wa kusema.

Waliosoma ni wawili.

Alirudi mezani, akavuta kiti, akaketi. Alichukua penseli ya Kyule na kipande cha karatasi.

"Wacha tu, mzee," Wavinya alisema kwa sauti ndogo. "Kunywa chai."

"Hapana. Hakuna anayeachwa nje. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Aliandika, *Ni daktari*. Aliiweka karatasi kando ya jalada la mjane wa kinu, lenye maneno yale yale. Mgongo wa *d* ulikuwa ule ule. Miguu ya *k* ile ile. Hata nukta juu ya *i* ilikaa pale pale. Alitazama kwa muda mrefu, na nje lori likapiga breki kwenye tuta na kuendelea.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu tulipovuna ndengu mwaka juzi," Wavinya alisema. "Ulikuwa unasema hutaki kusoma kitabu kizima halafu ukifika mwisho ukumbuke ulikisoma. Ukaanza kuandika ndio ujue. Halafu ukasahau ni wewe unaandika."

"Na Kyule?"

"Nilimwomba awe anakupitia. Kuna siku ulitembea mpaka karibu Kibwezi."

Kyule aligeuza kofia yake upande wa pili. "Si kazi, Mwalimu. Kwani si huwa naenda tu huko kwenu."

"Filamu, Yvonne. Ya kaka."

"Ni moja, Baba. Ni ile ile. Nimeileta mara tano. Huwa unakasirika vizuri, na kila mara unakumbuka zile kamba mbili." Aligusa jalada la mjane wa kinu. "Napenda vile unakumbuka kamba."

Mbithi aliinamisha kichwa. Aliogopa, na aliona aibu, na hakujua lipi lilitangulia. Kisha akamgeukia Abdulatif. "Na wewe ulikuwa unavisoma hivyo? Vikiwa na majina?"

"Vyote. Miaka miwili."

"Kila kitabu unajua muuaji kabla hujaanza."

"Kila kitabu."

"Na hukusema kitu."

Abdulatif alipangusa uso kwa mkono wa kanzu yake. "Sheria ni yetu, Mwalimu. Aliyemaliza hasemi."

Hakuna aliyegusa mandazi. Halima alianza kulia wazi wazi, akilaumu moshi, ingawa jiko lilikuwa nje. Mbithi aliinuka. Alienda hadi mlangoni, akaziona zile katoni mbili, akasimama hapo akiziangalia. Alizikumbuka. Alikumbuka ni za nini, na kilichompitia moyoni kilikuwa kibaya kuliko aibu: aliona kwamba kesho, au keshokutwa, atafungua kitabu, akute penseli, akasirike, akae dakika kumi, na hesabu itamrudisha pale pale. Waliosoma ni wawili, mmoja ni mimi. Atamkosea tena mtu huyu. Atamkosea upya, na kila mara kwa moyo wote.

"Kyule," alisema, "beba hizi katoni. Nenda dukani uniletee vitabu vilivyobaki, vyote. Abdulatif, mpe ufunguo. Haraka, kabla hii haijaniondoka."

"Vyote vya nini, mzee?" Wavinya aliuliza.

"Nenda, Kyule."

Pikipiki iliondoka. Wakati wakingoja alitembea, mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango, akirudia kitu midomoni mwake kama mtoto aliyetumwa dukani na jina la kitu asichokijua. Kyule aliporudi, Mbithi alivuta katoni hadi kitini, akafungua jalada la kitabu cha kwanza, na chini ya yale maneno ya zamani, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, akaandika: *Si Abdulatif. Ni mimi, Mbithi.*

Akakiweka kando. "Kingine."

Abdulatif alihamisha kiti chake karibu. Alipokea, akafungua, akasukuma mbele yake. Penseli ikififia aliichonga kwa wembe na kuirudisha. Halima alimwaga chai iliyopoa na kuweka mpya. Kitabu cha kumi. Cha kumi na nane. Mbithi hakuinua kichwa, mguu wake ukicheza chini ya meza, na jua lilivuka kutoka dirishani hadi ukutani. Kitabu cha ishirini na sita. Mwandiko haukulegea hata mahali pamoja.

Kwenye kitabu cha thelathini na tatu penseli ilisimama. Mbithi alikuwa amefika katikati ya mstari. Alisoma alichoandika, akasoma tena, akaangalia katoni, akaangalia watu waliokaa sebuleni mwake mchana wa Jumapili. Mguu uliacha kucheza. Kisha alimgeukia rafiki yake kwa uso uliochangamka, uso wa mtu anayetaka habari.

"Abdulatif," alisema, "hapa imeandikwa si wewe. Kwani ulikuwa umeshtakiwa nini?"

Wavinya alifunga macho. Abdulatif aliushika wembe, akaichonga ile penseli ingawa ilikuwa bado na ncha, taratibu.

"Hata mimi nimesahau, Mwalimu," alisema. "Malizia tu."

Mwalimu Mbithi alicheka, akatikisa kichwa kwa huruma. "Unazeeka, Abdulatif," alisema, akapokea penseli, akamalizia mstari, akanyoosha mkono apewe kingine.